Mangi mwenye majivuno anagawa kazi: mashujaa wapatane naye vipi bila hadithi kuwa ya kitoto?

Msimulizi_Sakina (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoandika hadithi za kubuni zenye maajabu ndani yake, pamoja na wale wa michezo ya dado, ile ya kuigiza wahusika mezani.

Hadithi iko kwenye mlima wa kubuni unaofanana na huu wetu. Watu watano wanafika bomani kwa mangi, yaani mkuu wa huko: mganga, binti mhunzi, wawindaji wawili na kijana anayesikia lugha ya ndege. Wana wapagazi saba. Mangi anataka pembe iliyofichwa kwenye pango juu ya msitu, ambako watu wake walikwenda na hawakurudi. Anawatukana, kisha anasema malipo ni ng'ombe wawili. Binti mhunzi anasimama na kumjibu kwa hotuba kali. Mangi anacheka, anapandisha hadi ng'ombe sita.

Wasomaji wangu wa kwanza wote wamekwama palepale: mangi gani huyo anayepandisha malipo kwa kukemewa mbele ya wazee wake?

Mtu wa namna ile anakubali kwa njia gani? Bei ipangwe vipi mpaka msomaji aone ina uzito? Na sura hiyohiyo nataka kuichezesha mezani Jumamosi, kwa hiyo kama kuna namna ya kuihesabu kwa dado, nitashukuru. Ushauri wa "weka hisia zaidi" nimeshapewa wa kutosha.

Kibo_Mawingu (Moshi)

Wasomaji wako wameona sawasawa. Hotuba ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu inamfunga mikono. Akikubali baada ya kusemwa barazani, kesho kila mchili (mkuu mdogo chini yake) atamjia na hotuba yake. Hata kama binti ana haki, na mangi mwenyewe anajua ana haki, pale hawezi kutamka ndiyo. Kwa hiyo igawe sura. Barazani panatolewa sifa na matusi tu. Bei inapangwa nje, na mtu mwingine: mchili, mama wa mangi, au mzee anayeshika ufunguo wa ghala. Ni kama posa. Wazazi hawakai chini kubishana mahari uso kwa uso, ndiyo maana kuna mshenga.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa mazungumzo, amua mambo mawili ambayo sasa hivi hadithi yako haina.

La kwanza, amepoteza watu wangapi, na nani anajua? "Hawakurudi" haitoshi. Sema ni wanane. Sasa una siri yenye uzito: mangi aliyepoteza askari wanane hataki jirani ajue. Na binti mhunzi anaweza kuigundua kwa ufundi wake mwenyewe, bila hotuba. Ukutani kuna vigingi ishirini vya mikuki, mikuki ni kumi na miwili, na vile vigingi vitupu bado vinang'aa kwa mafuta ya mikono. Yeye ndiye pekee atakayetazama ukuta wakati wenzake wanatazama kiti.

La pili, pembe inahitajika lini? Bila tarehe hakuna anayebanwa. Sema kabla ya ulezi kuvunwa, kwa sababu siku hiyo wakuu wa jirani wanakuja na lazima waione.

Halafu hesabu gharama ya kusubiri, maana silaha kubwa ya mkuu mwenye majivuno ni neno "kesho". Posho ya mpagazi katika misafara ya karne ya 19 ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Watu wako ni 12, yaani vibaba 12, sawa na pishi 3 kila siku. Mangi akiwaweka siku kumi bila kuwaita, wamekula pishi 30. Pishi ni karibu kilo 2.7, kwa hiyo ni kama kilo 80, au frasila 5. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila 2. Siku kumi za ukimya zimekula mizigo ya watu wawili na nusu, na mangi hajafungua mdomo. Siku ya kumi na moja ng'ombe wawili wanaanza kuonekana wengi.

Dawa yake iko kwenye hesabu hiyohiyo. Siku ya kwanza, mganga awarudishe wale wapagazi saba chini sokoni. Wanabaki watano, wanakula pishi moja na kibaba kimoja kwa siku, na zile pishi 30 sasa zinafika siku 24. Watu wa mangi wanahesabu midomo, usiku uleule atapata habari. Hakuna aliyemtukana, ila amejua kuwa "kesho" yake haina meno tena, na ulezi unaiva.

Jora_na_Doti (Arusha)

Naongeza yaliyotokea kweli milimani hapa, maana hamhitaji kubuni kila kitu.

Mmisionari Johannes Rebmann alifika Machame kwa Mangi Mamkinga mwishoni mwa 1848, akapokelewa vizuri. Mwaka 1849 akarudi na shehena kubwa zaidi, akitaka kupita hadi Unyamwezi. Mamkinga hakumpora kwa mkuki. Aliomba hiki, akaomba kile, leo kwa ajili yake, kesho kwa ajili ya wazee, mpaka safari ya mbele ikakosa mtaji na mgeni akageuza. Charles New naye alisaidiwa na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1871 mpaka akaigusa theluji. Aliporudi miaka michache baadaye, Rindi huyohuyo alimkamua mali, na New akafariki mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani.

Kwa mwandishi, kosa lao ni zuri sana: mzigo wote ulionekana. Mkuu hapangi bei kwa thamani ya ruhusa yake, anapanga kwa ukubwa wa mzigo wako. Kwa hiyo mashujaa wako waingie bomani na theluthi moja tu, mbili zifichwe chini. Na zawadi ya kwanza wasiitoe kwa huruma, kwa sababu ndiyo inakuwa kipimo. Ukianza na doti kumi za nguo, huwezi kesho kusema tano ni nyingi.

Vipimo, usije ukaandika "vipande vya nguo" tu: shuka ni mikono 4, karibu yadi 2. Doti ni shuka mbili. Jora la merikani (kitambaa cha pamba) ni kama yadi 30, yaani doti saba na kipande kinabaki, na kile kipande ndicho wanachogombania watumishi wa mlangoni. Ushanga una mitindo. Rangi inayopendwa bonde hili inaweza kukataliwa bonde la pili, kwa hiyo mkuu mjanja atawalipa mashujaa kwa ushanga ambao kwake umepitwa na wakati. Wanatoka wamebeba frasila nzima ya kitu kisichonunua hata mkungu wa ndizi.

Na hao ng'ombe sita, wanakwenda nao wapi? Ng'ombe wanahitaji mchungaji, majani na njia, na kila mangi wa njiani atataka chake. Mkuu anayekulipa ng'ombe ambao huwezi kuondoka nao hajakulipa, amekufunga kamba. Wanabaki malishoni kwake, wewe unarudi kuwatazama, na kila ukirudi kuna kazi nyingine. Mimi ningeibakiza hiyo ya ng'ombe makusudi, ila mganga aione.

Jambo la mwisho, na ndilo linalokosekana katika hadithi nyingi za kupewa kazi: kazi unayopewa mara nyingi ni hatua moja ya ugomvi usioujua. Rindi alikuwa na uadui na Sina, mangi wa Kibosho. Mwaka 1891 ni majeshi ya Wajerumani chini ya von Wissmann yaliyompiga Sina, na Rindi alikuwa upande wao. Mgeni mwenye silaha ni mkuki wa bure. Jiulize ile pembe ikishapatikana inamwumiza nani. Jibu likiwa "hakuna", bado huna hadithi.

Tahadhari ya lugha: hongo zamani ilikuwa ushuru wa kupita, inatolewa hadharani na watu wanaihesabu. Msomaji wa leo akiona hongo anasikia rushwa. Ukilitumia, lioneshe likitolewa mchana kweupe mara ya kwanza kabisa, atakuelewa.

Mjukuu_wa_Kibosho

Rahisi tu. Binti akishamkosea mangi, ampelekee jani la isale. Mchaga hawezi kukataa isale. Amsamehe, ampe ng'ombe sita, sura imeisha.

Mama_Ulezi (Moshi, Pasua)

Mjukuu wangu, hapana. Isale ni la kuomba msamaha. Ukilishika, umesema "nimekosa". Kweli anayeletewa hawezi kulikataa kirahisi, lakini anachotoa ni msamaha, si malipo. Anayelitumia kupandishia bei amefanya kitu cha aibu, na wasomaji wa Rombo mpaka Machame watafunga kitabu. Lina nafasi yake kwa Msimulizi, ila bei ya juu: binti akilipeleka, kesi ya matusi imefutwa na wakati huohuo amekubali mbele ya wote kuwa kosa lilikuwa lake. Mangi atalipokea kwa furaha kubwa mno. Hiyo furaha iandike.

Mengine ni ya kiburi chenyewe. Waandishi wanampa mkuu sauti kubwa na maneno makali. Mwenye cheo cha kweli hapigi kelele. Hawaulizi majina. Hasemi nao, anasema na mchili wake, na mchili ndiye anayewaambia, ingawa wote wamesikia. Anawaacha wamesimama huku akimalizia shauri la mfereji wa maji la watu wengine. Pombe inaletwa, naye haonji. Hii msomaji wa huku ataishika mara moja: mbege mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue haina kitu. Asipoonja, ametukana kuliko tusi lolote la mdomo, na mgeni amebanwa: akinywa ni mjinga, akikataa ni adui. Mganga anaweza kutoka hapo kwa kumpa mchili kata ya pombe kwa mikono miwili, "mkubwa aanze". Nyama nayo usiiache ipite. Huku kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe, kwa hiyo kipande watakachopewa kinawaambia wamewekwa ngazi gani kabla mtu hajasema neno.

Mazungumzo yawe mafupi. Kwa mfano:

— Mangi anauliza, huko tambarare wameishiwa wanaume hata watume mshika nyundo?

— Mwambie mangi wanaume wapo. Waliosikia habari za pango ndio waliobaki nyumbani.

— Mangi anasema ng'ombe wawili.

— Tumesikia, na mangi ni mkarimu. Ila sisi ni watu wa miguu, ng'ombe watatushinda. Tunaomba mzee mchili atuoneshe malisho, habari za ng'ombe tuzungumze naye hukohuko.

Ona alichofanya aliyejibu. Hakukataa. Amesifu, amejishusha, na bei ameitoa barazani. Huko malishoni ndiko binti atauliza, kama vile anaulizia kazi, kama boma lingehitaji mikuki mipya minane. Asiseme "najua mmepoteza watu". Ataje idadi tu. Mchili akinyamaza, mapatano yameanza.

Na mchili atakaporudi kwa mangi, bei mpya itoke kinywani mwa mangi kama zawadi: "Nimewaonea huruma, miguu yenu ni mibovu, nawapa nguo badala ya ng'ombe." Tusi libaki. Ukimwondolea majivuno mwishoni umemgeuza mtu mwingine.

Dado_Ishirini (Arusha, Njiro)

Nije kwenye meza ya Jumamosi.

Usiruhusu mchezaji arushe dado moja kwa "ninamshawishi mangi". Weka vizingiti (namba ambayo mrushaji lazima aifikie) kwa gharama ya kinachoombwa: 10 kwa kisichomgharimu kitu (kiongozi wa njia, kulala bomani), 15 kwa kinachomgharimu mali (chakula, nguo), 20 kwa kinachomgharimu heshima (kiapo mbele ya mashahidi, kukiri waliokufa). Kinachozidi hapo hakirushiwi dado. Mangi hatoi kiti chake hata dado likionesha 20 yenyewe. Mezani hapo ndipo ugomvi huanzia, waambie mapema.

Kwa dado la pande 20 na nyongeza ya 5 inayojumlishwa kwenye namba iliyotoka, nafasi ni hizi: kizingiti cha 10 asilimia 80, cha 15 asilimia 55, cha 20 asilimia 30. Mchezaji aliyegundua kitu (vigingi vitupu, tarehe ya mavuno) mruhusu arushe mara mbili achukue kubwa. Zinakuwa 96, karibu 80, na 51. Tofauti hiyo inawafundisha wenyewe kutazama ukuta kabla ya kufungua mdomo.

Halafu subira. Mpe mangi kokoto nne, ziweke mezani zionekane. Ombi lolote barazani linaondoa moja, hata likifanikiwa. Tusi linaondoa mbili. Mazungumzo na mchili nje hayaondoi, lakini yanakula nusu siku na posho. Kokoto zikiisha baraza linafungwa siku tatu, na hapo ile hesabu ya vibaba ya Kibo_Mawingu inaanza kuuma.

Ukirusha ukakosa, jibu lisiwe "hapana". Liwe "ndiyo, ila". Nguo mtapata, ila mpwa wangu anakwenda nanyi. Huyo mpwa ni jicho la mangi, anakula kibaba, na akifa huko juu deni ni lenu. Kukosa namna hiyo kunasukuma mchezo, "hapana" inawarudisha wachezaji kwenye simu zao.

Msimulizi_Sakina

Asanteni sana, na shikamoo Mama Ulezi. Hotuba nimeshaifuta, vigingi vimeingia. Swali moja limebaki. Wakirudi na pembe, nini kinamzuia mangi asilipe? Ana askari, wao ni watano na wamechoka.

Kibo_Mawingu

Hakuna kinachomzuia, na ndiyo maana masharti yanapangwa kabla ya kupanda. Malipo yakatwe mafungu. La kwanza litoke sasa, na liwe kile wanachokihitaji kupanda: chakula cha siku 20, blanketi, kiongozi mpaka mwisho wa msitu. Hilo hata akiwadhulumu baadaye limeshaliwa. Fungu la pili ni la atakayekufa, na lipelekwe kwa watu wake hata kama pembe haikupatikana. Bila hilo kila atakayekufa anamrahisishia mangi hesabu, na wawindaji wako watalifikiria. La tatu ndilo la kurudi, nalo lisikae bomani. Liwekwe kwa mtu ambaye mangi hawezi kumpora bila hasara. Ningemchagua mama yake.

Kuhusu siku: akisema "siku mbili kwenda na kurudi", mganga akatae kwa sababu ya mlima, si ya ujira. Kutoka boma la mita 1,400 hadi pango la mita 4,000 kwa siku moja ni kutafuta kichwa kupasuka, kutapika na mapafu kujaa maji. Watake siku tatu za kupanda na mizigo midogo. Wapagazi wa Kilimanjaro leo wanawekewa kikomo cha kilo 20, juu ya hapo mtu anachakaa. Mkuu ambaye hajawahi kupanda hajui haya, na labda wale wanane wake walikufa hivyo, bila zimwi lolote.

Jora_na_Doti

Ongeza mapengo ambayo mkuu mjanja atayapitia. Pembe ikiwa na ufa, bado ni pembe? Nani anaithibitisha, yeye mwenyewe? Basi atasema ni bandia. Achaguliwe mzee aliyewahi kuiona, ataje alama yake kabla hawajaondoka, binti aichore kwenye ngozi. Wakikuta pango tupu wanalipwa nini kwa kujua kuwa ni tupu? Vitu vingine vya pangoni ni vya nani? Hilo la mwisho mangi atajifanya halimhusu, na ndilo analolifikiria zaidi.

Na mangi akifa wakiwa juu? Rindi alifariki mwaka 1891, mwanawe Meli akashika kiti. Mrithi hafungwi na maneno aliyosema baba yake malishoni. Kama unataka sura ya kurudi iwe ngumu, washuke wakute kiti kina mtu mwingine na pembe iko mkononi mwao.

Mama_Ulezi

Shahidi akiwa mangi wa jirani malipo yana usalama zaidi, lakini sasa jirani anajua habari za pembe. Hiyo waamue wao barazani kwao, wabishane, wawindaji upande mmoja na mganga upande mwingine. Msimulizi, usiwaamulie.

Dado_Ishirini

Mezani, mama wa mangi mpe kokoto zake mwenyewe, sita. Na usiwaambie wachezaji zinaondokaje.